Kidhibiti Unukuzi na Mundu wa Damu: Istilahi za Jeni kwa Msikilizaji wa Bariadi



1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeendeshwa kama mjadala wa uwezo: je, lugha hii inaweza kubeba sayansi au haiwezi? Swali hilo limekwisha kujibiwa kwa vitendo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifisha maelfu ya istilahi. Maneno yapo, na pale yasipokuwapo njia za kuyaunda zinajulikana: utohozi, mwambatano, unyambulishaji na upanuzi wa maana.

Swali lililobaki ni gumu zaidi. Istilahi ikishaundwa na kuchapishwa, humfikisha wapi yule anayeisikia? Humwezesha kuona jambo linavyofanyika, au humpa jina tu la jambo asilolielewa?

Mhadhara huu unalijadili swali hilo kwa kutumia protini moja ya mwili wa binadamu na eneo moja la Tanzania. Protini hiyo huitwa BCL11A. Kazi yake ni kusaidia kuamua ni jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze katika seli za damu. Eneo hilo ni mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Kinachoviunganisha ni ugonjwa wa selimundu. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya tiba haitoshi kuwa sahihi kisarufi na kukubalika na wanaisimu. Ni lazima ionyeshe nani anamtenda nani, kwa sababu wazazi wataitumia kufikiria ndoa, uzazi na maisha ya watoto wao.

2.0 Mahali na maradhi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na unajumuisha wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2. Wengi wao ni Wasukuma, wakulima wa pamba na mazao ya chakula, na wafugaji wa ng'ombe. Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani kwa kaya nyingi. Kiswahili ndicho lugha ya shule, ofisi na zahanati. Hali hii ni ya msingi kwa mada ya leo. Istilahi ya Kiswahili inayotamkwa na muuguzi wa Bariadi mara nyingi husafiri safari ya pili: mama anayeisikia atakwenda kuieleza kwa Kisukuma kwa mumewe, mama mkwe wake na wazee wa ukoo. Istilahi isiyobeba maelezo yake yenyewe hupotea katika safari hiyo.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye selimundu kwa wingi. Sababu yake inajulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti uliofanywa Afrika Mashariki na kuonyesha kuwa mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Mahali penye malaria, jeni hiyo ilidumu kizazi hadi kizazi kwa sababu iliwaokoa wengi, ijapokuwa iliwagharimu wachache. Uchunguzi wa watoto uliofanywa kupitia Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, katika mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ulibaini kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba jeni hiyo. Kwa nchi nzima inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao, wasipogunduliwa mapema, hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mara nyingi kifo hicho huitwa malaria au upungufu wa damu.

3.0 Maneno yaliyopo na yanachokisema

3.1 Selimundu

Neno selimundu ni mwambatano wa neno lililotoholewa, seli, na neno la kale la Kibantu, mundu. Ni istilahi nzuri. Mkulima aliyewahi kuvuna mpunga anaujua mundu kwa mkono wake, na huhitaji kumwonyesha picha ili aione chembe nyekundu ya damu iliyopinda. Aidha, mundu hukata, na wagonjwa huyaeleza maumivu ya mifupa kama kukatwa.

Hata hivyo, selimundu hueleza umbo tu, haielezi chanzo. Chanzo chake kilijulikana kwa hatua. Mwaka 1910 James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha maelezo ya chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa tatizo limo katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alionyesha kuwa tofauti yote ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa protini hiyo: mahali pa sita, asidi ya glutamiki imeacha nafasi yake kwa valini. Katika jeni yenyewe ni herufi moja iliyobadilika, A ikawa T.

Mwanaisimu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kumweleza mzazi jambo hili. Fonolojia ya Kiswahili ina jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Tiba na toba ni jozi ya namna hiyo. Irabu moja ikibadilika, neno la hospitali linakuwa neno la majuto. Mfano huo una faida ya ziada, kwa kuwa familia nyingi zenye mtoto anayeugua mara kwa mara hutafuta kosa lililotendwa na aliyelitenda. Herufi moja iliyobadilika si adhabu. Haina mkosaji.

3.2 Urithi na nasaba

Neno kurithi ni tatizo kubwa zaidi. Katika matumizi ya kawaida, mtu hurithi mali baada ya mwenye mali kufa. Ng'ombe wakigawanywa, aliyepewa anao na aliyewatoa hanao tena. Urithi wa jeni hauendi hivyo. Mzazi hutoa nakala, naye hubaki na chake. Mzazi mwenye afya njema anapoambiwa kuwa mtoto amerithi ugonjwa kwake, hujibu, na kwa mantiki ya neno lenyewe anajibu sawasawa, kwamba yeye hajawahi kuwa nao ugonjwa huo.

Neno vinasaba nalo lina uzito wake. Nasaba katika Kiswahili ni mlolongo wa ukoo, na mara nyingi huhesabiwa kwa upande wa baba. Selimundu huhitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Neno linaloelekeza fikra upande mmoja wa ukoo hurahisisha kuulaumu upande mmoja, na uzoefu wa jamii nyingi ni kwamba lawama humwangukia mama. Hapa neno jeni, ingawa ni la kutoholewa, ni salama zaidi, kwa vile halina kumbukumbu ya ukoo wowote.

La mwisho ni hesabu. Wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo huambiwa kuwa uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo. Robo, kwa msikilizaji wa kawaida, ni sehemu ya kitu kilichogawanywa: mmoja kati ya wanne ameshaugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kumbe kila mimba huanza hesabu upya. Afadhali kusema, kila mimba ni kama kuchota upya kwenye kapu lile lile, na kila alichochota mtu hurudishwa kabla ya kuchota tena.

4.0 Unukuzi na anayeudhibiti

Biolojia ya jeni iliazima istilahi zake kutoka katika taaluma ya maandishi. Jeni huelezwa kuwa ni maandishi ya herufi nne. Maandishi hayo hunukuliwa, kisha nakala yake hutafsiriwa kuwa protini. Kiswahili kina utamaduni wa maandishi wa karne kadhaa, na kilikuwa na wanukuzi wa miswada kwa hati za Kiarabu kabla ya kuwa na mashine za kuchapa. Kwa hiyo istilahi unukuzi, inayotumiwa na wanaisimu kwa kuandika usemi, inafaa pia kwa kazi ya seli ya kutoa nakala ya jeni. Ni upanuzi wa maana usiohitaji kutohoa chochote.

Karibu kila seli ya mwili ina msahafu mzima wa jeni za mwenye mwili, lakini hakuna seli inayonukuu kurasa zote. Seli ya ini hunukuu kurasa za ini, na seli zinazozaa damu hunukuu kurasa za himoglobini. Kuna protini zinazokwenda kushika mahali maalumu karibu na jeni na kuamuru: ukurasa huu unukuliwe, ule ufungwe. Mhadhara huu unapendekeza protini hizo ziitwe vidhibiti unukuzi. Kila abiria wa basi amekwisha kusikia habari za kidhibiti mwendo. Anajua kuwa kifaa hicho si injini, wala si dereva, na hakizalishi mwendo. Hukaa mahali pake na kuweka mpaka. Muundo ule ule wa neno, kiambishi ki- cha vyombo pamoja na nomino inayodhibitiwa, unamwelekeza msikilizaji palipo sahihi bila mhadhara mrefu.

BCL11A ni kidhibiti cha aina hiyo, nacho ni cha kuzuia. Mtoto akiwa tumboni hutengeneza himoglobini ya kijusi, yenye minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Himoglobini hiyo hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, jambo linalomwezesha kuipokea kutoka katika damu ya mama. Karibu na kuzaliwa zamu hubadilika: jeni za gama huanza kunyamazishwa, na jeni ya beta hushika nafasi. Kwa mtu mzima, himoglobini ya kijusi huwa imebaki kiasi kidogo sana. Mnyamazishaji mkuu ni BCL11A. Protini hii ina sehemu ziitwazo vidole vya zinki, na kwa vidole hivyo hushika mfuatano mfupi wa herufi mwanzoni mwa jeni za gama, kama mtu anayeweka kiganja juu ya ukurasa usisomwe.

Herufi iliyobadilika ya selimundu imo katika jeni ya beta, si ya gama. Ndiyo sababu kichanga mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliliona jambo hilo mwaka 1948 na kulihusisha na himoglobini ya kijusi. Mama wa Itilima au Maswa huliona pia bila maabara: mtoto alizaliwa vizuri, akanyonya, akacheka, na baada ya nusu mwaka hivi vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba. Kwa kuwa ugonjwa umekuja baadaye, hudhaniwa umeletwa na mtu. Maelezo ya unukuzi yanaijibu dhana hiyo moja kwa moja. Hakuna aliyeuleta. Ukurasa wa kwanza umefungwa kama unavyofungwa kwa kila mtoto, na wa pili uliofunguliwa ndio wenye herufi iliyokosewa.

5.0 Jina lisilofanana na kazi

Herufi BCL katika jina la protini hii zimetokana na maneno ya Kiingereza yanayotaja saratani ya seli B za damu, kwa sababu jeni yake ilijulikana kwanza kupitia saratani hizo. Uhusiano wake na himoglobini ulikuja baadaye. Mwaka 2007 timu ya Swee Lay Thein huko London ilionyesha kuwa watu hutofautiana kiasi cha himoglobini ya kijusi kutegemea, pamoja na mambo mengine, tofauti ndogo katika jeni ya BCL11A iliyo kwenye kromosomu ya 2. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walithibitisha kuwa protini yenyewe ndiyo inayozuia.

Watafiti wa Tanzania wamechangia ujuzi huo. Julie Makani na wenzake wa Muhimbili walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa idadi kubwa. Mwaka 2011 wao na wenzao wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa tofauti za BCL11A zina athari kwa wagonjwa wa Kitanzania pia, na mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro na wenzake walichapisha uchunguzi wa jenomu nzima kuhusu suala hilo hilo. Damu za Watanzania zimesaidia kuandika sayansi hii. Ni haki basi isomeke kwa lugha yao.

Kwa msanifishaji wa istilahi kuna funzo hapa. Jina la kimataifa, BCL11A, libaki kama lilivyo, maana ni anwani ya kuipata protini katika maandishi ya dunia. Lakini lisifasiriwe neno kwa neno. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe atatibiwa kwa kugusa jeni ya saratani, atainuka na kuondoka. Kinachofasiriwa ni kazi: kidhibiti kinachofunga himoglobini ya kijusi.

6.0 Kumnyamazisha mnyamazishaji

Mantiki ya tiba mpya ni fupi. Kinachofunga ukurasa mzuri kikizuiwa, ukurasa hufunguka tena. Mwaka 2011 jambo hilo lilifanikiwa kwa panya wenye selimundu. Lakini BCL11A ina kazi nyingine muhimu, zikiwemo za ubongo na za seli za kinga, hivyo haifai kuondolewa mwilini kote. Mwaka 2013 iligundulika sehemu ya jeni hiyo inayoikoleza katika seli zinazozaa chembe nyekundu tu. Sehemu ya aina hiyo inafaa iitwe kikolezo, kutokana na kukoleza moto. Neno kichocheo limekwisha kubebeshwa maana nyingi katika kemia na homoni. Ukiondoa kuni za jiko moja, majiko mengine yanaendelea kuwaka.

Tiba iliyojengwa juu ya ugunduzi huo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba 2023 kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Seli zinazozaa damu hutolewa mwilini, kikolezo hukatwa, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wake kabla ya kurudishiwa seli zilizohaririwa. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa walau miezi 12 bila mashambulizi makali ya maumivu. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Kwa bei hiyo tiba iko mbali sana na kaya ya mkulima wa pamba.

Haifuati kwamba maelezo yake yako mbali vilevile. Haidroksiurea, dawa ya vidonge iliyoidhinishwa Marekani kwa selimundu mwaka 1998, nayo huongeza himoglobini ya kijusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulionyesha kuwa ilipunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Mzazi aliyeelewa habari ya ukurasa uliofungwa huelewa pia kwa nini kidonge humezwa kila siku hata mtoto akiwa anacheza: kinachofunguliwa leo kitaanza kufungwa dawa ikiachwa.

Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapokuwa jambo la maisha. Magazeti na mazungumzo ya mitaani hupenda kusema kuwa tiba ya jeni huondoa jeni ya selimundu, huibadili damu, au humponya mgonjwa kabisa. Kwa tiba inayolenga BCL11A kauli ya kwanza si kweli. Jeni ya beta yenye herufi iliyobadilika inabaki pale pale. Kilichofanyika ni kuirudisha himoglobini nyingine kazini. Zaidi ya hayo, kinachohaririwa ni seli za uboho, si mbegu za uzazi. Kijana aliyetibiwa, akapata nafuu na kuacha kulazwa hospitali, bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya jeni ya selimundu. Akiwa ameambiwa kuwa jeni imeondolewa, atakwenda kuoa bila kupima, na mwenzake naye hatapimwa. Mtoto atakayezaliwa atalipa gharama ya kitenzi kimoja.

Kwa hiyo kuondoa, kuua na kufuta havifai. Kunyamazisha kinafaa kwa BCL11A, na kufungua kinafaa kwa himoglobini ya kijusi. Vitenzi hivi viwili vina sifa ambayo vile vingine havina: kilichonyamazishwa kipo, na kilichofunguliwa kilikuwapo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mhadhara huu unatoa mapendekezo matatu. La kwanza, taasisi za Kiswahili zisanifishe familia nzima ya istilahi kwa pamoja: jeni, unukuzi, kidhibiti unukuzi, kikolezo, kunyamazisha, kufungua na kuhariri. Istilahi moja moja, iliyoundwa na mtu mmoja mmoja kwa nyakati tofauti, haiwezi kujenga maelezo yanayoshikamana.

La pili, kila istilahi ya tiba ijaribiwe kabla ya kuchapishwa, na ijaribiwe mahali itakapotumika. Asomewe muuguzi wa Bariadi, amweleze mzazi. Mzazi amweleze mwenzake kwa Kisukuma. Kisha yule wa mwisho aulizwe amesikia nini. Neno lililofika likiwa limegeuka maana lirudishwe mezani, hata kama sarufi yake ni safi. Kijusi, kwa mfano, ni neno la vitabu, na wazazi wengi husema mtoto aliye tumboni. Huenda majaribio yakaonyesha kuwa jina refu linaloeleweka ni bora kuliko jina fupi linalopita juu ya vichwa.

La tatu, wanafunzi wa tafsiri wafundishwe kuwauliza wanasayansi swali moja kabla ya kutafuta kisawe: kitu hiki kinamfanya nani nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kiambishi, kitenzi na taswira.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Maradhi hufichwa kwa aibu na kwa hofu, lakini hufichwa pia kwa maneno yasiyosema kitu. Mzazi wa Bariadi anayeweza kueleza kwa lugha yake kwa nini mwanawe alianza kuugua akiwa na miezi sita, kwa nini kidonge kinamezwa kila siku, na kwa nini ndugu wa mtoto wapimwe kabla ya kuoa au kuolewa, ana silaha ambayo haigharimu dola milioni mbili. Kumpa silaha hiyo ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili, nayo inaweza kuanza sasa.